Penga Penga: kodi inapima nyumba, haipimi udongo

Ndugu msomaji, ukifika Lubumbashi wakati wa kiangazi, simama kwanza karibu na mumbunda, ile chimini ndefu. Tanuru la pale lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Pembeni utaona mampala, mlima mweusi wa makapi yake. Sasa sikia upepo: unatoka kusini-mashariki. Uufuate unakokwenda, ndiko moshi ulikokwenda miaka mingi, na utafika Penga Penga.

Hapa majani ni machache. Ardhi iko wazi kama uwanja wa mpira, maana udongo ulijaa shaba, zinki, risasi na kadimi. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi walijaribu kuchanganya chokaa na mbolea, wakapanda miti, na pia nyasi fupi inayoitwa Microchloa kunthii, ambayo inavumilia shaba. Mwaka 2009, wao na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichokiona katika mkojo wa watu 351 wa Katanga: wanaokaa chini ya kilometa 3 toka migodi na viwanda walikuwa na kobalti, risasi na urani nyingi kuliko wanaokaa mbali.

Mama mmoja alinionyesha lupango yake. «Baba, nilipanda maembe mara tatu, yote ilikufa. Nafagia asubui, mangaribi mavumbi inarudia. Na kodi ya nyumba je? Ile haikufe!»

Tuliangalia karatasi yake pamoja. Kodi hiyo, impôt foncier, inatoka katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Inauliza: mahali pako ni pa daraja gani kati ya 4? Nyumba ni ya namna gani? Kama ni villa, ina mita ngapi za mraba? Haiulizi mtu angeinunua kwa franga ngapi. Basi nyumba mbili zilizo sawa, za daraja moja, zinalipa sawasawa, hata kama moja imekaa juu ya sumu.

Kwingine si hivyo. Kule New Jersey, Marekani, kodi inafuata bei ya mali. Mwaka 1988 mahakama kuu ya jimbo lile iliamua, kwa habari ya viwanja vya viwanda, kwamba anayekadiria bei lazima aangalie uchafu wa udongo, ingawa si kwa kutoa tu gharama ya kusafisha. Kwetu ukienda kwa mtoza kodi kusema bei ya nyumba imeshuka, utarudi mikono mitupu, kwa sababu bei haimo katika hesabu yake. Wa kuombwa ni wale wanaotunga sheria. Katiba ya 2006 iliweka impôt foncier mikononi mwa majimbo, kwa hiyo mlango ni wa wabunge wa jimbo, siyo lazima Kinshasa.

Na mchafuzi? Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamwajibisha mwenye haki ya madini kulipa hasara ya watu na mali iliyotokana na kazi yake, hata bila kosa. Mimi naona huo ni mzigo mzito kuliko kodi, na ndio ungefaa kudaiwa kwanza. Punguzo la kodi halitoi risasi katika udongo.

Nilimshauri mama atunze risiti zote za kodi, na akipimiwa udongo, aombe majibu kwa maandishi. Akanyamaza kidogo.

«Baba, wakiandika kama lupango yangu ni ya sumu, kodi itashuka, sawa. Lakini nikitaka kuuzisha, nani atainunua?»

Sikuwa na jibu. Akachukua ufagio.