Kifua Kikuu Nyumbani na Zizini

Yako magonjwa ambayo mtu huyatangaza kwa jirani asubuhi ile ile yanapomshika, kama homa au maumivu ya jino. Na yako mengine ambayo watu huyafunika kama aibu. Kifua kikuu ni katika hayo ya pili. Mtu hukohoa wiki tatu, nne, hata miezi miwili, na akiulizwa husema ni vumbi la shamba, au moshi wa jikoni, au baridi ya masika. Wahenga walikwisha kutuonya ya kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Lakini leo sitaki kusema habari za mtu peke yake, maana ugonjwa huu una makao mawili, nyumba na zizi, nasi tufugao ng'ombe twaishi katikati ya hayo mawili.

Zamani hata watu wa Ulaya hawakujua asili yake. Wengi walidhani ni urithi wa ukoo, kwa kuwa waliona baba akifa, kisha mama, kisha watoto wa nyumba ile ile. Hata tarehe 24 Machi 1882 tabibu Mjerumani, Robert Koch, akasimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Berlin, akawaonyesha kijidudu chembamba mfano wa kijiti, akathibitisha ya kuwa hicho ndicho kiletacho kifua kikuu. Basi ikajulikana ya kuwa nyumba ile haikulaaniwa. Watu wake walikuwa wakivuta hewa moja. Mgonjwa wa mapafu akikohoa au akipiga chafya, vijidudu hutoka kinywani mwake, hukaa katika hewa ya chumba kisicho na dirisha, na mwenziwe huvivuta.

Likabaki swali la ng'ombe. Yeye naye alionekana akikonda na kukohoa, na machinjioni mapafu yake yalikutwa yana vinundu kama vya mtu. Je, ni ugonjwa mmoja? Mwaka 1898 Mmarekani Theobald Smith alionyesha ya kuwa kijidudu cha ng'ombe ni ndugu wa kile cha mtu, wala si kile kile hasa. Mwaka 1901 Koch, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea duniani kote, alinena mjini London ya kuwa hatari ya maziwa ya ng'ombe mgonjwa kwa mtu ni ndogo mno, hata haifai kujisumbua nayo. Waingereza hawakuridhika. Wakaunda tume, ikafanya majaribio miaka 10, na mwaka 1911 ikatoa jawabu lake: kijidudu cha ng'ombe humwingia mtu, na njia yake kubwa ni maziwa, na wanaoumia zaidi ni watoto. Lakini hata baada ya kujua hivyo Waingereza hawakufanya haraka. Wengi walishika maziwa mabichi, wakisema moto huondoa nguvu yake, na katika miaka ya 1930 ilikadiriwa ya kuwa zaidi ya watu 2,000 walikufa kila mwaka nchini mwao kwa kifua kikuu cha ng'ombe. Nasema haya ili mtu asidhani ya kuwa ubishi juu ya maziwa ni ujinga wetu sisi tu.

Sasa nitawapa habari ya nyumba moja niijuayo. Miaka michache iliyopita alikuwako darasani kwangu mvulana wa umri wa miaka kama 12. Shingo yake ilivimba upande mmoja, uvimbe usiouma sana. Ukapasuka ukatoa usaha, ukafunga, ukapasuka tena. Nyumbani walimchanja chale wakampaka dawa ya mizizi. Hakukohoa hata siku moja, ndiyo sababu hakuna aliyewaza kifua kikuu. Nilipomwendea babu yake aliyekuwa akimlea, alikubali tumpeleke hospitali pamoja. Huko walivuta maji ya uvimbe kwa sindano, wakayapima, wakatuambia ya kuwa ni kifua kikuu cha tezi. Kisha daktari akauliza swali ambalo mzee hakulitazamia: "Nyumbani mnakunywa maziwa mabichi?"

Mzee akajibu kwa fahari, "Mabichi, Daktari. Yaliyochemshwa ni ya wagonjwa."

Daktari akasema, "Basi, Mzee, huyu ni mgonjwa."

Daktari hakuapa ya kuwa ugonjwa ule ulitoka zizini, wala asingeweza. Vipimo vya kila siku vya hospitali huonyesha ya kuwa kijidudu kimo, bali havitengi cha ng'ombe na cha mtu. Kazi hiyo yataka maabara kubwa. Lakini jambo lenyewe si la kudhani tu. Mwaka 2001 watafiti walitangaza ya kuwa katika matezi ya shingo ya wagonjwa wa Tanzania walikuta kijidudu cha ng'ombe hasa. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2019, katika watu milioni 10 walioshikwa na kifua kikuu ulimwenguni, 140,000 walikipata kwa wanyama. Twaona basi ya kuwa sehemu iliyo kubwa sana hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, nasi tusimsingizie ng'ombe kila kikohozi. Hata hivyo watu 140,000 si wachache, na wengi wao wangalikingwa na moto wa mafiga matatu.

Njiani tukirudi mzee aliniambia, "Mwalimu, maziwa haya nayanywa tangu sijaota meno, na baba yangu kabla yangu. Mgeni akija nimpe maziwa yaliyopikwa? Atasema simtaki."

Sikumcheka, kwa kuwa maziwa kwetu si chakula tu. Ni heshima ya nyumba. Nikamjibu, "Babu, si kila ng'ombe ana ugonjwa, wala si kila anywaye huugua. Lakini ni yupi kati ya hawa wako? Wewe hujui, nami sijui, na ng'ombe mwenyewe haonyeshi. Aweza kunenepa na kukamuliwa vizuri, kumbe ugonjwa umo ndani miaka." Akanyamaza mpaka tulipofika mtoni.

Baada ya siku chache tulimwendea bwana mifugo. Akatueleza jinsi ng'ombe apimwavyo. Hudungwa ndani ya ngozi ya shingo dawa iitwayo tuberkulini, ambayo Koch aliitoa mwaka 1890 akitumaini itaponya watu; haikuponya, lakini ilifaa sana kwa kutambua ugonjwa. Baada ya siku 3 mpimaji hurudi kutazama kama ngozi imevimba. Mzee akauliza, "Na akivimba?" Bwana mifugo akajibu, "Yafaa achinjwe." Mzee akauliza tena, "Na mimi nitalipwa na nani?" Bwana mifugo akatazama chini, hakuwa na jawabu. Hata leo ng'ombe wale hawajapimwa.

Neno hili lafaa kunenwa waziwazi. Uingereza ilipowaondoa ng'ombe wake wagonjwa, wenye mifugo walilipwa fidia. Kwetu ng'ombe ni akiba, ni karo ya shule, ni mahari ya kijana; kumwambia mtu amchinje bure anayeonekana mzima ni kumwambia afiche zizi lake kama vile wengine wafichavyo kikohozi chao. Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia nyingine. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Ethiopia: ndama waliochanjwa kwa BCG wakawekwa pamoja na ng'ombe wagonjwa, na ilionekana ya kuwa chanjo ile yaweza kupunguza kuenea kwa ugonjwa kundini kwa karibu sehemu 9 katika 10. Chanjo hiyo ni ile ile wapewayo watoto wetu begani wakiisha kuzaliwa.

Na asili yake ni ya kustaajabisha. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walianza mwaka 1908 katika mji wa Lille. Walichukua kijidudu kilichotoka katika maziwa ya ng'ombe mgonjwa, wakakiotesha juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe, na kila baada ya wiki 3 wakakihamishia katika viazi vipya. Wakafanya hivyo mara 230, miaka 13, hata vita kuu ilipokuwa imeuzunguka mji wao, mpaka kijidudu kikapoteza ukali wake. Mwaka 1921 akapewa mtoto wa kwanza mjini Paris, ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, akakua salama. Chanjo hii huwakinga watoto wadogo na kifua kikuu kikali cha ubongo na cha mwili mzima. Lakini kwa watu wazima kinga yake si ya kutegemewa, na mwenye kovu begani asijidanganye ya kuwa hawezi kuugua.

Turudi kwa mvulana wetu. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi 6, bila malipo, kama ilivyo desturi katika nchi yetu. Siku ya pili mkojo wake ukawa wa rangi ya chungwa, nyanya yake akalia akidhani ni damu. Nikamweleza ya kuwa ni rangi ya dawa tu. Mwezi wa tatu uvimbe ulipungua, mtoto akanenepa, na hapo ndipo hatari ilipokuja, maana mzee alisema, "Amepona, ya nini kumlisha dawa?" Hii ndiyo mitego ya kifua kikuu. Vijidudu vilivyo dhaifu hufa mapema, vile vigumu hubaki vimelala; mtu akiacha dawa huamka, na pengine dawa zile haziviwezi tena.

Nchi yetu ina sehemu kubwa katika elimu hii. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wake wa kifua kikuu na ukoma, na tabibu Mcheki Karel Styblo akasaidia kuonyesha ya kuwa hata nchi isiyo na mali yaweza kuponya watu wengi: makohozi yapimwe, dawa zimezwe mbele ya shahidi, na kila mgonjwa aandikwe daftarini hata mwisho wake ujulikane. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliipeleka njia hiyo ulimwenguni kote. Nilimkumbusha mzee habari ya Msamaria mwema, ambaye hakufunga majeraha tu akaenda zake, bali alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kurudi. Akakubali, mtoto akamaliza dozi, na shingo yake leo ina kovu tu.

Na njia za kutambua ugonjwa zimeongezeka. Zamani ilikuwa hadubini peke yake, nayo hukosa wagonjwa wengi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekubali mashine ambayo kwa muda wa saa 2 hutambua kijidudu na kuonyesha kama dawa kubwa itakiweza. Morogoro nako, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO liliwafundisha panya buku kunusa makohozi; panya mmoja aweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, na wengi ambao hadubini iliwapita wakapatikana hivyo. Lakini hadubini, mashine na panya havina kazi kama makohozi hayakuletwa.

Basi, ndugu, nashauri mambo haya. Kwanza, akohoaye zaidi ya wiki 2, au atokwaye na jasho usiku, au akondaye bila sababu, aende akapimwe. Na mtoto mwenye uvimbe shingoni usiopona apelekwe vivyo hivyo. Pili, aelezwe daktari kama kuna ng'ombe nyumbani, kwa kuwa kijidudu cha ng'ombe hakidhuriwi na dawa moja katika zile nne za mwanzo, iitwayo pirazinamidi. Tatu, maziwa yachemshwe hata yafure. Wapendao maziwa ya mgando wasidhani ukali wake huua ugonjwa. Wayachemshe kwanza, yapoe, kisha watie kianzio katika kibuyu safi, nayo yataganda vizuri. Nne, nyama iliyokataliwa na mkaguzi isirudi jikoni kwa mlango wa nyuma. Tano, mgonjwa asilale zizini, maana mtu naye aweza kumwambukiza mnyama.

Yule mzee hata sasa hunywa maziwa yake mabichi, na mgeni mzee mwenziwe humpa hayo hayo. Lakini watoto wote wa boma lake hunywa yaliyochemshwa, naye mwenyewe ndiye aulizaye kila jioni kama yamefura. Mimi naona si haba. Asiyeweza kuibadili nyumba yake yote kwa siku moja, na aanze na kikombe cha mtoto.