Nchi ya Jangwani Iliyokuwa na Masika

Marehemu Babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitusimulia mara nyingi habari za nchi moja ya jangwani ambayo, kwa kauli yake, ndiyo asili ya ukoo wetu. Watu wake walisema Kiarabu, wakatajirika kwa ubani, wakajenga mji wa nguzo ndefu. Kisha wakatakabari, na mchanga ukawafunika. Aliyeokoka ni mmoja tu. Huyo alikimbilia pwani, akapanda jahazi, na kwake tukatoka sisi. Tuliyasikia hayo utotoni hapa Maskati, tukiwa tumelala juu ya paa siku za joto.

Nilipokua nikatambua kwamba hadithi ile ina mizizi mirefu. Iram yenye nguzo imetajwa katika Sura Al-Fajr, pamoja na kaumu ya Adi, waliomkadhibisha Nabii Hud wakaangamizwa kwa upepo. Mabedui wa Dhofar nao walihadithia mji uliopotea uitwao Ubar. Bertram Thomas alipovuka Robo Tupu mwaka 1930 na 1931, wenyeji waliomwongoza walimwonyesha njia za kale zilizosemekana kuelekea huko. Miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti waliosaidiwa na picha zilizopigwa kutoka angani walichimba Shisr, kaskazini ya Salalah, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba Ubar imepatikana.

Binamu yangu anayetunza shajara ya ukoo hakuridhika. Alinikumbusha kwamba wanahistoria wa Kiarabu wa kale huwahesabu kina Adi katika al-Arab al-Baida, Waarabu waliotoweka. "Waliotoweka hawaachi wajukuu," alisema, akataka hadithi ya Babu ifutwe. Sikuwa na jibu, nikafunga safari kwenda Shisr.

Nilikuta masalia ya ngome ndogo kando ya shimo kubwa. Chini yake palikuwa na pango lenye maji; mwamba wa chokaa ulipoporomoka, sehemu ya ngome ikatumbukia. Mahali hapo pameingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, pamoja na maeneo mengine ya Nchi ya Ubani. Hata hivyo, Juris Zarins, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji, alisema baadaye kwamba Ubar lilikuwa jina la eneo na watu wake kuliko jina la mji mmoja. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikiitafuta nchi ya Babu. Sikuiona.

Niliporudi nyumbani nikalifungua daftari langu la ujana, nilimoandika simulizi yake neno kwa neno. Humo imeandikwa kwamba katika nchi ile ya jangwani milango ilichongwa maua na kupigwa misumari ya shaba. Wazee walikaa barazani jioni wakinywa kahawa. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata jirani akimkohoa jirani akasikia. Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Na mvua ilinyesha mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, watoto wakatoka mbio kuoga maji yamiminikayo kutoka mapaani.

Mikoko jangwani! Masika katika Robo Tupu! Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Babu aliondoka Unguja mwaka 1964, na nyumba yake hakuiona tena. Tulipomuuliza habari za huko, alijibu kwa neno moja: "Yaliyopita si ndwele." Bali akiulizwa juu ya ile nchi iliyomezwa na mchanga, alizungumza mpaka usiku wa manane, na sauti yake ikatetemeka alipofika kwenye mvua. Aliyeokoka akapanda jahazi alikuwa ni yeye mwenyewe. Ila safari aliigeuza ianze upande wa pili wa bahari.

Nimemwomba binamu yangu asiifute hadithi ile. Amekubali, kwa sharti kwamba isiwekwe katika mlango wa asili ya ukoo, kwa kuwa hapo si pake. Tumekubaliana iwekwe katika mlango wa Unguja, mbele ya hati ya nyumba.