Nauli ya Kiti Kimoja



Mwaka 2018 Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda kumzuru binti yangu aliyeolewa akahamia Melbourne, nchi ya Australia. Siku ya tatu baada ya kufika kwangu alinichukua hadi katikati ya mji akaniambia, "Baba, leo nitakutembeza na hatutatoa hata senti." Tukasimama kando ya njia, na baada ya muda mfupi likaja gari la tramu la kizamani, rangi yake damu ya mzee, linakwenda juu ya reli zilizolazwa katikati ya barabara huku likipiga kengele. Namna ile ya magari ilianza kuundwa mwaka 1923. Wenyewe wangeweza kuyafanya chuma chakavu, lakini wakayatunza, na tangu mwaka 1994 wakayaweka yauzunguke mji bure, ili mgeni apande, aone, kisha ashuke apendapo.

Mimi, kwa mazoea ya kwetu, nilipanda na fedha mkononi. Nikatazama huku na huku, sikuona mtu wa kuzipokea. Binti yangu akacheka, akasema, "Kaa tu, Baba, hakuna nauli." Nikakaa juu ya kiti cha kizamani karibu na dirisha. Sauti ikawa inatueleza kila tunapopita: hili ni jumba la Bunge, ile ni stesheni kuu ya treni ya barabara ya Flinders, na kadhalika. Nilifurahi sana, kama mtoto siku ya Idi.

Lakini tulipokwisha kuuzunguka mji na kurudi pale tulipopandia, binti yangu alisimama nami nikabaki nimekaa. Akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekumbuka safari nyingine niliyosafiri bila ya nauli, na ile haikuwa bure. Khabari za safari hiyo ndizo nitakazo kukusimulia leo, nawe uniwie radhi, maana si jambo la kujisifia.

Mwaka 1969, nikiwa kijana wa miaka kumi na minne, baba yangu alinituma kwa mjomba wangu Korogwe wakati wa likizo. Siku za kurudi Moshi zilipofika, mjomba alinipa nauli kamili ya daraja la tatu. Nikazichukua fedha zile nikanunua kurunzi, kwa kuwa rafiki zangu wote walikuwa nazo, na kilichobaki nikakimaliza kwa chakula. Usiku nikapanda treni bila ya tiketi.

Msomaji wa leo huenda hajui ilivyokuwa. Behewa limejaa watu, magunia, vikapu vya kuku na mikungu ya ndizi. Mkaguzi wa tiketi alipoingia upande huu, mimi nilitoka kwa upande ule. Baada ya Mombo nikaona njia zimeniishia. Bibi mmoja mtu mzima alinitazama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huna tiketi?" Nikamjibu kwamba mimi ni yatima, nimefiwa na baba, nakwenda kwa nyanya yangu Moshi. Bibi yule akasogeza kikapu chake, akanilaza chini ya kiti, akaniteremshia kanga yake mbele. Mkaguzi akapita. Aliponitoa akanimenyea chungwa, na kila alipokuwa akinitazama alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma.

Alfajiri tukaingia Moshi. Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi, hauna wingu hata moja, na theluji yake imeshika wekundu wa jua. Niliruka chini kwa upande usio na jukwaa, nikakimbia nyumbani. Baba yangu, niliyemwua kwa ulimi wangu usiku ule, alikuwa anatia udhu uani. Alinipokea kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa kunifikisha salama.

Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nikiisimulia safari ile kama ushujaa. Watu wakicheka, nami nikicheka. Na kila dhamiri iliponigusa nilikuwa na jawabu tayari: kiti kilikuwa kitupu, treni ingekwenda niwemo au nisiwemo, dereva yuleyule; basi nimemdhulumu nani?

Ndugu msomaji, lile gari la Melbourne ndilo lililolivunja jawabu langu. Kiti changu kule kilikuwa kitupu pia, na gari lingekwenda niwemo au nisiwemo. Kwa nini basi kule nilikaa kwa raha, na katika treni ya Korogwe nililala chini ya kiti? Tofauti ni moja tu. Kule wenye mali walikaa wakaamua kwa hiari yao kumkirimu mgeni, nao ndio wanaolipia mafundi, umeme na madereva. Nauli yangu ilikuwa imelipwa, ila mlipaji hakuniona. Katika treni nilijikirimu mimi mwenyewe kwa mali ya wengine wala sikuwataka idhini.

Amma neno hili "bure" limetupoteza wengi. Huku kwetu, mitelemkoni mwa Kilimanjaro, maji yanateremka katika mifereji ambayo Wachaga wanaiita mifongo, na mtu mwenye zamu hufungulia migomba yake wala hapimiwi kwa mita. Mgeni akiona atasema maji haya ni bure. Hajui kwamba mababu waliichonga mifereji ile mabondeni na kwenye majabali, wala hajui kwamba siku ya kuizibua kila nyumba hutoa mtu wake na jembe lake, na asiyetokea hutozwa faini. Pale Mombasa zamani, kabla ya motokaa kuenea, vilikuwapo vigari vidogo vya kwenda juu ya reli nyembamba mabarabarani. Wakubwa walikaa ndani chini ya kivuli, na watu wakavisukuma kwa mikono juani. Aliyekaa ndani hakutoka jasho, lakini jasho lilitoka. Hata mtungi wa maji uliowekwa mlangoni mwa msikiti kuna mtu aliyeuteka.

Na reli yetu je? Niliporudi kutoka Australia niliwachukua wajukuu wangu nikawazungusha mji wa Moshi kwa miguu, nikajifanya mimi ndiye ile sauti ya garini. Tulianzia kwenye mnara wa saa, tukapita jumba la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioundwa mwaka 1933, tukateremka hadi stesheni. Nikawaambia: reli hii Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na hapa Moshi ikafika mwaka 1911, mwendo wa kilomita 352. Moshi ya asili ni ile ya juu, Old Moshi, ambako Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 kwa kuwapinga watawala hao. Mji huu wa chini ni mtoto wa stesheni. Na kila futi ya reli hii ilibebwa kwa mabega ya Waafrika, wengine kwa kutaka ujira na wengine kwa kulazimishwa, kisha ikaendeshwa kwa kodi na nauli za baba zetu mpaka ikawa mali yetu sote.

Nilipokuwa nikisema maneno hayo, mjukuu wangu mmoja aliinama akang'oa jani lililoota baina ya mataruma. Stesheni ilikuwa kimya. Treni ya abiria ilikuwa imekatika miaka zaidi ya ishirini. Moyo wangu ukaniuliza: deni lako utamlipa nani? Shirika la Reli la Afrika Mashariki lenyewe lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yake.

Nikaenda kwa shekhe mmoja, kijana wa kuweza kuwa mwanangu, lakini elimu haina umri. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kusema, "Shekhe, mwenye kunidai amekufa."

Akaniuliza, "Mzee wangu, amekufa nani? Shirika ni jina la chombo. Mwenye mali ni umma, na umma haujafa. Na reli ile imerithiwa na nani?"

Nikamwambia, "Imerithiwa na Serikali yetu."

"Basi anayekudai yupo."

Nikamwambia nauli ya mwaka 1969 leo hainunui hata peremende. Akatabasamu akasema, "Mzee wangu, wewe hukuchukua shilingi, ulichukua safari. Lipa safari. Nunua tiketi ya kutoka Moshi kwenda Korogwe kwa bei ya siku utakayoinunua, kisha usiipandie. Wakati ule ulikaa ukaacha kulipa. Sasa lipa uache kukaa."

"Na treni haipo, Shekhe."

"Andika katika wasia wako, ili ukifa walipe wanao. Na wewe mwenyewe ukae na nia."

Kisha akanikumbusha kisa cha vita vya Khaibar kilichopokewa katika hadithi sahihi. Mtumishi mmoja alipigwa mshale akafa, watu wakamhongera kwa kufa shahidi. Mtume (S.A.W.) akawabainishia kwamba shuka aliyoichukua mtu yule katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja alikwenda upesi akaleta ugwe wa kiatu. Ugwe wa kiatu, msomaji! Wala hakujitetea kwamba ni kitu kidogo.

Niliandika wasia. Kuandika kwenyewe kulikuwa kuzito kuliko nilivyodhani, maana wanangu wangekuja kuusoma na kujua.

Mwezi wa Disemba 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi kutoka Dar es Salaam, na watu wakajaa stesheni kuishangilia. Wiki chache baadaye nilikwenda na mjukuu wangu mkubwa, niliyemwahidi kumpandisha treni mpaka Same. Pale dirishani nikanunua tiketi mbili za Same, na moja ya Korogwe. Mtoto huyu ni hodari wa hesabu. Akazihesabu akasema, "Babu, tuko wawili na tiketi ni tatu. Nani mwingine anakuja?"

Ndugu msomaji, kutoa fedha ilikuwa rahisi. Lakini kumjibu mtoto yule! Ulimi wangu ulikuwa na uwongo tayari, kama ulivyokuwa nao usiku ule baada ya Mombo: ningeweza kusema kwamba karani amekosea. Nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimelipa nauli na kukopa tena papo hapo. Nikamkalisha juu ya benchi nikamwambia, "Babu yako alipokuwa mkubwa kidogo kuliko wewe alipanda treni hii bila ya tiketi, akamdanganya bibi mmoja mwema. Tiketi hii ni ya siku ile."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na bibi yule, Babu, utampa nini?"

Hapo sikuwa na jawabu. Reli nimeilipa, na tiketi ile niliichana mbele yake. Baba yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki, nami namwombea kila baada ya Sala. Lakini bibi yule sikumwuliza hata jina lake. Alinipa chungwa lake, kanga yake na huruma yake kwa ajili ya uyatima usiokuwapo, na pengine alikwenda kuwaombea dua mayatima kwa sababu yangu. Nilichoweza ni kumwombea maghufira, na kumsaidia yatima wa kweli kwa niaba yake, nikitaraji Mwenyezi Mungu atamridhisha na kunisamehe. Hilo ni taraja, si risiti.

Basi ndugu yangu, nakuachia maneno machache. Wanachuoni wametufundisha kwamba mwenye kutubu huiacha dhambi, hujuta, na huazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi yenyewe imegusa haki ya mtu, basi hairudishi mdomo peke yake, ni lazima haki irudi kwa mwenyewe. Wako miongoni mwetu wanaounga umeme kwa siri, wanaochukua dawa za zahanati, karatasi za ofisini, mafuta ya gari la kazini, na wanaoteremka basini huku kondakta ametazama pengine. Ukiwauliza watakwambia mali ya umma haina mwenyewe. Mali ya mtu mmoja ina mdai mmoja, na ukimwangukia huenda akakusamehe. Mali ya umma wadai wake ni mamilioni, wazima na wafu. Utamwangukia yupi?

Kaa kitako, uhesabu. Kama lipo deni la kiti kimoja, lilipe dirisha likiwa bado wazi. Na ukipewa kitu bure kwa halali, kipokee, ushukuru, na umwombee aliyelipa ambaye humjui.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa siri, na atuwezeshe kuyarudisha kwa dhahiri. Wabillahi tawfiq.