Mume Wangu, Jiliwa na Kisukumio Changu

Mwenzenu nilikuwa sitaki hata kuiona ile mashine. Akiba yetu ya miaka miwili, ambayo mimi niliihesabu ni ya kiwanja, mume wangu aliimalizia yote kwenye mashine ya mtumba ya kuchonga vyuma. Akaifunga kwenye banda la uani. Na jiliwa lake, lile linalobana chuma kisicheze kikichongwa, eti likaja bila mkono wa kukazia!

"Usijali mama, nitabuni," akaniambia. Akachukua spana namba 19, akaivisha bomba la maji la kama sentimita 60, maisha yakaendelea.

Jioni moja alikuwa na kazi ya mteja, ya haraka. Nikatoka ofisini na hasira zangu, nikasimama mlangoni: "Hela itarudi lini? Wenzetu wanajenga!" Hajibu, anakaza tu. Yeye anakaza jiliwa, mimi nakazia maneno. Mara spana ikachomoka, bomba likampiga chini ya jicho. Nyuzi nne! Daktari akasema lingepanda kidogo tu, angepoteza jicho.

Nililia kuliko yeye.

Jumamosi moja baadaye nataka kupika chapati, kisukumio sikioni. Nikamfuata bandani. Kumbe amekikata, akakitoboa na kukivisha kwenye nondo fupi ya sentimita 20 aliyoichomelea boksi ya 19. Nilitaka kufoka, akasema, "Hebu jaribu." Nikakaza kwa mkono mmoja, chuma kikatulia. Akanieleza kwamba bomba likiwa refu mara tatu, nguvu nayo inaongezeka mara tatu, na jiliwa ni chuma cha kumimina: ukizidisha halipindi, linapasuka. Na siku hizi hawashi mashine kabla hajauchomoa ule mkono.

Jamani, nilijiona mimi mle. Swali langu lilikuwa la haki, akiba ilikuwa yetu sote, na yeye alikosea kuamua peke yake. Ila nililiuliza kwa bomba refu.

Sasa kila mwisho wa mwezi tunakaa na daftari la banda. Nauliza, ananijibu, hata kama jibu ni "bado". Kiwanja hatujanunua. Kisukumio nimenunua kingine, ila hicho nakificha kabatini!