Chesisi Haikatwi Wima

Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, watu walijaa kandokando ya barabara kupiga picha. Zilipita za kila umri: za kale zenye taa zilizobanana katikati ya uso, za modeli ya 109 zilizopigwa rangi juu ya rangi, na Defender za miaka ya karibuni zenye kompyuta. Wengi walitazama bodi. Fundi mmoja mstaafu alikuwa akichuchumaa kila gari liliposimama, anachungulia chini.

Fundi huyo ndiye aliyeshika kalamu hapa. Chini ya baadhi ya magari yale aliona chesisi iliyorefushwa kwa mshono mmoja wa wima, kutoka juu moja kwa moja hadi chini, umepakwa rangi nyeusi ukang'aa. Usiku ule usingizi ulikataa. Jambo hilo amelibishania karibu maisha yake yote ya kazi, na wengi waliokuwa upande wake wameshatangulia mbele ya haki.

Utoto wake hauhitaji maneno mengi. Alizaliwa Karatu mwaka 1959, Karatu ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, mwaka uleule eneo la Ngorongoro lilipotenganishwa na Hifadhi ya Serengeti. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa huko Oldeani. Shamba lilikuwa na Land Rover moja, na watoto waliujua mlio wake kabla haijatokeza kwenye kona. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akapanda lori la mahindi kwenda mjini Arusha. Mwaka 1976 alikuwa saidia fundi katika gereji moja ya mtaa wa Unga Limited, kazi yake kuosha spea kwa mafuta ya taa na kufuata chai.

Aliyempokea ni mtu ambaye gereji nzima ilimwita Mzee, basi. Mzee alijifunzia kazi Moshi kwa Kalasinga mmoja, katika ile jamii ya mafundi ambao wengi wa wazee wao waliletwa wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda. Ndiyo jamii iliyomtoa pia Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally wa 1965, 1974 na 1976. Kutoka Moshi Mzee alikuja na desturi moja ambayo hakuiacha hadi alipokufa: hakuna kushika spana kabla dereva hajaulizwa gari limepita wapi.

"Limetoka wapi, mwanangu?"

Jibu lilimtosha kujua pa kuanzia. Gari la Eyasi au Natron limekanyaga magadi, na magadi hula chuma. Kaangalie pembe za chesisi na mabomba ya breki. Gari la Loliondo limepigwa mawe, kaangalie difu. Gari la Serengeti limetetemeshwa na barabara zenye mikunjo kama bati. Kila nati ishikwe kwa mkono, hata ambayo hukuagizwa. Vijana wa leo huchomeka kifaa cha kusomea kompyuta kwanza, na dereva hawamsalimii. Hilo linamkera fundi huyu kuliko anavyoweza kueleza. Dereva amekaa na gari siku nzima. Kifaa kimekaa nalo dakika mbili.

Ni Mzee pia aliyemweleza kwa nini sumaku hainati kwenye bodi ya Land Rover. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alilibuni gari hilo mwaka 1947 akiwa na shamba lake katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Vita vya Pili vilikuwa vimekwisha, lakini chuma Uingereza kiligawiwa kwa kibali. Alumini ilipatikana. Hivyo bodi ikawa ya Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi, chesisi ikabaki ya chuma, na gari likaoneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uamuzi uliosababishwa na uhaba ndio uliozipa Land Rover umri mrefu. Pia ndio uliozipa ugonjwa wake: alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Mmiliki wa Land Rover aliyeona unga ule chini ya mlango alijua anatakiwa gereji.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Spea zilizokuwa zikitoka Nairobi zikakatika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni zilizobaki, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Katika miaka hiyo hakuna mtu aliyebadilisha mlango wa Land Rover. Mlango ulinyooshwa.

Kunyoosha alumini si kazi ya nyundo peke yake. Ukiipiga, inakuwa ngumu. Ukiendelea kuipiga, inapasuka. Lazima ilainishwe kwa moto, na hapo ndipo wengi walipoharibu kazi, kwa sababu chuma kikipata moto huwa chekundu na kukuonya, ilhali alumini hubaki na rangi yake ileile hadi ghafla inatoboka na kudondoka. Mzee alikuwa na dawa. Alitoa kipande cha sabuni ya mche kwenye mfuko wa shati, akachora mistari juu ya bati lililobonyea. Kisha akawasha moto wa gesi, akaupitisha kwa mbali, mkono hautulii mahali pamoja. Mistari myeupe ikawa ya kahawia. Akaendelea, taratibu. Ilipokuwa myeusi akauondoa moto mara moja, akasubiri bati lipoe, na hapo likakubali kunyooshwa kwa nyundo ya mti pasipo ufa. Sabuni ilikuwa ndiyo kipimajoto chake.

Ikumbukwe sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Mkewe alikuja siku moja hadi gereji kumuuliza mche uliotoka dukani juzi umekwenda wapi. "Mama watoto," Mzee alimjibu, "nguo zitasubiri kesho. Hili ni gari la zahanati." Mama yule aliitazama Land Rover iliyokuwa haina milango, akaondoka bila neno. Aliporudi jioni alileta ugali wa watu wote.

Miaka ile, kumiliki gari la aina hii kulimfanya mtu awe nusu fundi. Mwenye 109 alijua kuiwasha kwa hendeli ya mbele betri ilipokufa, alijua kifundo cha njano na mkono mwekundu vinafanya nini tope likizidi, na alitembea na ekseli ya akiba ya nyuma kwa sababu zilikatika. Mapadri, wauguzi, mabwana shamba, wafanyabiashara wa ng'ombe, wote walikuwa na kucha nyeusi.

Kisha Toyota ikatamalaki.

Mzee hakuichukia, tofauti na wanavyodai wanaomsimulia leo. Aliiheshimu Land Cruiser na alijua ilikotoka: gari la mwaka 1951 lililoitwa Toyota Jeep BJ, ambalo dereva wa majaribio Ichiro Taira alilipandisha hadi kituo cha 6 cha mlima Fuji, na ambalo jina la Land Cruiser lililipata mwaka 1954. Mwaka 1984 ikatoka familia ya 70, wakati uleule Tanzania ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Mwaka 1990 ikaja injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 yenye sentimita za ujazo 4,164, pampu ya kawaida, hakuna kompyuta. Ilivumilia dizeli chafu na uvivu wa madereva. Mzee alipoisikia mara ya kwanza alisimama kando yake kitambo, akasema, "Hii itawafanya msahau kazi."

Utalii ulipokua, makampuni ya Arusha yalitaka gari la kubeba wageni 6 au 7 wenye mizigo, kila mmoja na dirisha lake, paa linyanyuke wamwone simba wakiwa wamesimama. Kiwanda hakikuwa na gari kama hilo. Kwa hiyo gereji zikaanza kukata. Land Cruiser ikakatwa katikati, ikarefushwa, ikajengewa bodi mpya. Ni ufundi mkubwa, uliozaliwa palepale Arusha, na mgeni anayeshuka kreta ya Ngorongoro leo ana uwezekano mkubwa wa kukaa juu ya chesisi iliyokatwa na mikono ya Watanzania. Kabla ya lami kufika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari hayo yalitetemeka kutoka Makuyuni moja kwa moja.

Ugomvi ulianzia hapo.

Kanuni ya Mzee ilikuwa moja: chesisi haikatwi wima. Uzito ukikaa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, uso wa juu wa chesisi hubanwa na uso wa chini huvutwa. Katika barabara ya mikunjo chuma hicho huvutwa na kuachiwa, huvutwa na kuachiwa, kutwa nzima, mpaka kichoke. Ukikikata wima umeuweka udhaifu wote mahali pamoja. Ukikikata mshazari, kata ya juu na kata ya chini zikipishana, hakuna sehemu hata moja inayobeba mshono mzima. Ndani yake huingizwa bamba linalobana sawasawa. Nje huwekwa bamba jingine, na hilo halikatwi mraba. Miisho yake huchongwa iwe ncha, ili nguvu ihame kidogo kidogo kutoka chuma kinene kwenda chembamba. Na hakuna kuchomelea kwa kukatiza uso wa chini. Hakuna.

Mwenye gereji mmoja, ambaye hatatajwa, alikuwa na hoja yake, na ni haki isemwe kikamilifu. Alisema mshono mzuri una nguvu kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo umbo la kata si kitu. Kinachotakiwa ni welda hodari. Kata ya wima huchukua nusu ya muda, hupimika kirahisi, na gari hubaki limenyooka. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Mshono mzuri haukatiki. Kinachokatika ni chuma cha jirani yake, upana wa kidole, kilichopata moto bila kuyeyuka na kubadilika tabia. Fundi huyu amefungua chesisi nyingi zilizopasuka, na ufa aliukuta palepale, kando ya mshono uliobaki mzima.

Katikati ya miaka ya 1990, Mzee akiwa ameshastaafu, mwenye gereji huyo alimwajiri fundi huyu na kumpa Land Cruiser mbili za kampuni moja ya utalii, akamtaka azikate wima ili ziwahi msimu wa Julai. Alikataa. Alielezwa kwamba anamwabudu mzee aliyezoea magari ya kikoloni. Akakusanya spana zake siku hiyohiyo, akaondoka bila mshahara wa mwezi ule, ambao hajalipwa hadi leo. Magari yalikatwa na mwingine. Moja lilikaa barabarani msimu mmoja na nusu, kisha likakunjika kati ya Ngorongoro na lango la Naabi, tumbo limelala vumbini. Wageni walitoka salama. Kampuni iliambiwa dereva alikuwa anakimbiza, na dereva, baba wa watoto wanne, akafukuzwa kazi. Hilo ndilo fundi huyu hajalisamehe. Mshahara wake ameshausahau.

Basi vijana mnaochomelea leo, sikilizeni. Rodi za 7018 zikaushwe kabla ya kutumika. Rodi iliyolala kwenye unyevu huacha ufa ambao jicho halioni. Toeni waya za betri na altaneta kabla ya kuwasha welda. Chomeleeni kidogo, hamieni upande wa pili, acheni pa kwanza papoe. Atakayemaliza upande mmoja kwa haraka atakuta gari limepinda. Mkiongeza urefu, propela ya vipande viwili iwe na beringi ya katikati, na krosi zake zikae kwenye mstari mmoja, vinginevyo mtetemo utaimaliza giaboksi na mteja atalaumu Japani. Na msipake rangi kabla mwenye gari hajalala chini akauona mshono kwa macho yake. Rangi ya haraka ni dalili mbaya.

Land Rover ya mtindo ule wa zamani iliacha kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya 2,000,000. Mzee hakuishi kuiona siku hiyo. Lakini kuna 109 moja ambayo alimrefushia mfanyabiashara wa Karatu, kwa mshazari, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado inabeba vitunguu kutoka bonde la Eyasi. Imebadilishwa injini, bodi imenyooshwa mara nyingi, chesisi ni ileile. Kijana yeyote anayetaka kujifunza aende aombe ruhusa, aingie chini upande wa dereva, apapase ncha za lile bamba la nje. Mwenye gereji yule husema gari moja si ushahidi. Basi na alete gari la kwake, lililokatwa wima, lenye nusu ya umri huo.