Kinachouongoza Mkono Saa Tisa za Usiku

Wanafunzi wa uuguzi na ukunga huagizwa na walimu wao waandike falsafa yao ya kazi. Wengi huiona ni insha ya kutafutia alama: huruma, utu, uadilifu, kisha daftari linakusanywa na mambo yanaishia hapo. Mimi mkunga ninayekaa Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, huwaambia kwamba hakuna insha watakayoihitaji kuliko hiyo.

Chukua mfano wa leba. Mama akishakolea uchungu, mkunga hutakiwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuyaandika kwenye chati. Sasa ni saa tisa za usiku, baridi ya mlimani imeingia mifupani, kina mama wanne wanaita kwa pamoja na wakunga ni wawili. Ni rahisi kukaa mezani ukaandika 140 bila kumwinamia mama yeyote. Chati itapendeza, na asubuhi itapita bila swali. Lakini huenda mapigo ya mtoto yule yameshaanza kushuka, na nusu saa hiyo ndiyo iliyobaki ya kumfikisha mama chumba cha upasuaji. Mwongozo hukueleza la kufanya, ila hauwezi kukuinua kitini. Kinachokuinua ni imani yako juu ya thamani ya mtu aliye kitandani.

Nyeri inao ushuhuda wa jambo hili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata kutoka Italia, aliwauguza wapagazi wa kivita huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam, watu ambao wengi wao walikufa bila hata majina yao kuandikwa. Baadaye alihudumu Gikondi, Mukurwe-ini, na wenyeji wakampa jina la Nyaatha. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyemhudumia. Tarehe 23 Mei 2015 akatangazwa mwenye heri hapa Nyeri. Hata asiye Mkatoliki anaweza kujifunza kwake: alikwisha kuamua mgonjwa ni nani kabla hajamfikia, hivyo hakuhitaji kuuliza cheo chake.

Falsafa hiyo haimtaki muuguzi avumilie kila kitu kimya kimya. Mwaka 2017 wauguzi wa umma nchini Kenya waligoma kwa takriban miezi mitano, na wagonjwa maskini waliumia sana. Anayeuthamini uhai wa mama atadai glavu, damu na wenzake wa kutosha zamuni, kwa sababu wito peke yake hauzuii damu kuvuja. Atadai kwa sauti, na akiwa zamuni atafanya kazi yake kikamilifu.

Yangu nimeifupisha ili niikumbuke hata nikiwa nimechoka: sitaandika nisichokisikia, wala sitamgusa mama kabla sijamweleza na akaniruhusu. Msichana wa miaka kumi na saba anayejifungua bila ndugu pembeni hajui sera wala miongozo. Anajua tu kama aliulizwa au alishikwa kwa nguvu, na hilo ndilo litakaloamua kama mimba ijayo atarudi hospitalini au atabaki nyumbani. Kwa hiyo kijana, andika falsafa yako mapema, iwe fupi na iwe yako. Usiku wa kuitumia utafika kabla hujawa tayari.