Kufundisha Kazi Ndogo ya Sindano: Funzo la Tarizi ya Hariri

Miongoni mwa masomo ambayo walimu wanafunzi huyaogopa waendapo mazoezini, kazi ya sindano haikosi. Aghalabu sababu inayotolewa ni uhaba wa vifaa. Sisi tunaoketi nyuma ya madarasa na kutazama masomo yakifundishwa tumeona sababu nyingine, iliyo kubwa zaidi. Kazi ya sindano ni ndogo, na mwalimu huifundisha kana kwamba ni kubwa. Husimama mbele, huinua kitambaa, na kusema, "Tazameni ninavyofanya." Watoto 45 huutazama mkono wa mwalimu, lakini mshono wenyewe hauonwi ila na wale wa madawati ya kwanza.

Ili tulifahamu vyema tatizo hili, yafaa tuitazame kazi hiyo pale ilipofikia upeo wa udogo wake, yaani katika tarizi ya hariri ya mji wa Suzhou, mashariki ya China. Kiwavi wa hariri, alaye majani ya mforsadi, hujifumia kifukofuko kwa uzi mmoja usiokatika, ambao urefu wake waweza kupita mita 600. Nyuzi kadhaa za namna hiyo huunganishwa ili kupata uzi wa kutarizia. Mtarizi wa Suzhou huuchukua uzi huo akaugawa tena: nusu, robo, hata sehemu ya 16. Kwa nyuzi hizo, zilizo nyembamba kuliko unywele, hutarizi jicho la paka au pezi la samaki. Hariri hung'aa, na mng'ao wake hubadilika kwa kadiri mshono ulivyoelekezwa. Hivyo rangi moja ikilazwa pande mbili huonekana kama rangi mbili. Ngozi ya kidole ikikwaruza kidogo tu, uzi hunasa na kuharibika.

Katika mji huo alikulia Shen Shou, aliyezaliwa mwaka 1874, ambaye twapenda kila mwalimu amjue. Alisifiwa ndani na nje ya nchi yake. Picha yake ya malkia wa Italia, aliyoitarizi kwa hariri, ilionyeshwa Turin mwaka 1911. Lakini kwetu sisi kazi yake kubwa ni ile ya ualimu. Mwaka 1914 alishika uongozi wa shule ya kuwafundisha wanawake utarizi huko Nantong. Baadaye maradhi yakamlemea, ikawa dhahiri kwamba elimu iliyo vidoleni mwake ingeweza kuzikwa pamoja naye. Ndipo Zhang Jian, mwanzilishi wa shule ile, akawa anamwuliza na kuyaandika majibu yake, mshono baada ya mshono. Kitabu kilichopatikana kilitolewa mwaka 1919. Hakianzi na mishono. Huanza na fremu, mkasi, sindano na nyuzi, ndipo kikaeleza mishono 18, kila mmoja kwa jina lake na namna yake. Shen Shou alifariki mwaka 1921, na mishono yake ikabaki.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Fundi aweza kutenda miaka 30 bila kulazimika kusema anachokitenda. Mwalimu hana ruhusa hiyo. Hata kofia za vito za pwani yetu, zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi mmoja mmoja, zimerithiwa kwa mwanafunzi kuketi ubavuni mwa fundi. Darasani ubavu wa mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi. Kwa hiyo hatuna budi kuugawa mshono kama Wachina wanavyougawa uzi.

Tumeona njia ifuatayo ikifaa. Kwanza, mshono ukuzwe. Tandaza gunia ukutani, tumia shazia na kamba ya katani, na watoto wote wataona kamba inapoingia, inapotokea, na inapokazwa. Pili, mshono utamkwe. Kila hatua ipewe neno fupi, na watoto waliseme huku mikono yao ikifuata hewani. Tatu, mshono upunguzwe. Waketi watano watano, watumie kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani na uzi wa kutarizia wa pamba. Uzi huo una nyuzi sita ndani yake. Waukate kwa urefu wa dhiraa moja, kisha wachomoe uzi mmoja mmoja kwa kuuvuta juu taratibu. Wakivuta yote pamoja, utajifunga.

Pambo la kwanza lisizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Pambo dogo halimalizi uzi, na zaidi ya hayo humalizika katika vipindi viwili. Mtoto anayeanza maua sita ya kitambaa cha meza mwezi Januari na kuyaacha mwezi Machi amejifunza kuacha. Aliyemaliza jani moja amejua mwisho wa kazi ulivyo.

Liko jambo jingine ambalo kazi hii ndogo hulifichua. Katika shule moja tulimkuta msichana wa darasa la tano amesimamishwa ukutani kwa kosa la uvivu. Dakika 20 zilikuwa zimepita naye hajatunga uzi sindanoni. Tulimpa kitabu asome. Alikisogeza mbali hadi mkono ukanyooka. Kumbe hakuwa akiona vizuri vitu vya karibu, na kwa kuwa ubaoni alisoma bila taabu, kwa miaka mitano hakuna aliyemshuku. Mzazi wake aliitwa na kushauriwa ampeleke kwa mganga wa macho. Basi mtoto akishindwa kutunga uzi, mwulize kwanza anaona nini, kabla hujamwuliza kwa nini hafanyi.

Mwisho, wakati wa kusahihisha, kigeuze kitambaa. Watarizi wa Suzhou wanayo kazi ya pande mbili, ambayo mafundo yake yamefichwa hata mbele na nyuma hazitambulikani. Hatuwatazamii watoto wafike huko. Lakini mbele ya kitambaa huonyesha pambo tu, na nyuma huonyesha njia: hapa uzi uliruka, hapa fundo lilikazwa mara tatu, hapa mtoto alifumua akaanza upya. Anayesahihisha mbele peke yake atampa alama nyingi aliyesaidiwa na dada yake nyumbani, na atamnyima aliyehangaika kwa mkono wake mwenyewe. Katika andalio lako la somo linalofuata, andika ulichokiona nyuma ya vitambaa, kisha uanzie hapo.